Oleg Losev, tarishi aliyeona nuru ndani ya jiwe

Katika vibanda vya mafundi wa redio na sola huko Ayivu, kaskazini-magharibi mwa Uganda, taa ndogo nyekundu na kijani ndizo zinazotoa habari ya chombo kilicho kizima na kilichokufa. Mtu wa kwanza kuichunguza nuru ya aina hiyo kwa subira na vipimo alikuwa kijana wa Kirusi aliyeanza kazi kama tarishi. Alifariki kwa njaa mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 38.

Ayivu ni eneo la Walugbara linalouzunguka mji wa Arua, na tangu mwaka 2020 jina hilo limekuwa pia la mojawapo ya tarafa mbili za Jiji la Arua. Kwa miongo mingi mkoa wa West Nile uliishi nje ya gridi ya taifa ya umeme. Kampuni ya WENRECO ilipewa jukumu la kuuhudumia mkoa mwaka 2003, na kituo cha maji cha Nyagak, chenye uwezo wa megawati 3.5, kilianza kuzalisha umeme mwaka 2012. Umeme huo haukutosha, wala haukufika kila kijiji. Basi watu wa Dadamu, Adumi na Oluko, kama jirani zao wa Koboko na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara upande wa Kongo, walizoea kujitafutia nishati wenyewe: jenereta, betri za gari, na baadaye paneli za sola juu ya bati.

Chini ya bati hilo ndipo kinapotundikwa kidhibiti chaji, kisanduku kidogo kinachoamua betri ijazwe au isijazwe. Miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bati la mchana halishikiki kwa mkono, na hewa iliyofungiwa kati ya bati na dari huwa na joto kuliko ya uani. Taa ya ishara iliyomo kwenye kisanduku hicho inatakiwa kusema kweli katikati ya joto hilo. Ikififia, mwenye nyumba anaweza kudhani betri ni nzima kumbe inakufa. Na ikiwa ni kituo cha afya chenye friji ya chanjo, kosa la taa moja ndogo linaweza kugharimu mengi. Swali la taa ipi ifae mahali pa joto ni swali la leo, lakini mizizi yake inarudi kwenye chumba cha maabara kando ya mto Volga, miaka 100 iliyopita na ushei.

Oleg Vladimirovich Losev alizaliwa tarehe 10 Mei 1903 katika mji wa Tver, kati ya Moscow na St. Petersburg. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la mfalme aliyestaafu na kuwa karani katika kiwanda kilichohusika na reli. Familia ilikuwa na asili ya tabaka la juu la zamani, na asili hiyo, baada ya mapinduzi ya 1917, ilikuwa mzigo kuliko heshima. Mjini Tver palikuwa na kituo cha kupokea mawimbi ya redio cha jeshi. Losev alikuwa bado mwanafunzi alipohudhuria mhadhara wa mkuu wa kituo hicho, na tangu siku hiyo redio ikamteka. Alianza kuzoeana na wataalamu wa kituo, akatazama wanavyofanya kazi, akajaribu mambo yake nyumbani kwa vifaa vya kuokoteza.

Mwaka 1920 alimaliza shule ya sekondari, na baada ya muda mfupi akaenda Nizhny Novgorod, ambako serikali mpya ilikuwa imeanzisha maabara ya redio mwaka 1918. Wataalamu aliowafahamu Tver walikuwa wamehamia huko. Kwa kuwa hakuwa na shahada, alipokelewa kwa kazi ya tarishi. Alibeba barua na vifurushi mchana, na usiku akalala kwenye ukumbi mdogo wa ngazi karibu na dari ya jengo hilohilo. Mtu anayelala kazini hakosi muda wa kufanya majaribio, na yeye aliutumia wote.

Redio ya zama hizo ilikuwa na moyo wa aina mbili. Matajiri na majeshi walitumia valvu za kioo, ambazo ndani yake waya hupashwa moto mpaka ung'ae. Zilikuwa ghali, zilikula betri, na ziliungua upesi. Watu wa kawaida walitumia kipande cha fuwele kilichoguswa na ncha ya waya. Fuwele ilikuwa rahisi lakini dhaifu: ilipokea sauti, haikuweza kuikuza. Tarehe 13 Januari 1922, Losev, akiwa na miaka 18, aligundua kuwa fuwele ya zinkaiti, ambayo ni madini ya oksidi ya zinki, ikigusiwa vizuri na kupewa umeme wa kiasi fulani, inaweza kukuza mawimbi na hata kuyazalisha yenyewe. Hilo lilitazamiwa kufanywa na valvu peke yake. Redio aliyoiunda kwa njia hiyo ikaitwa kristadini, na mwaka 1924 jarida la Marekani la Radio News liliitangaza kwa mbwembwe kama uvumbuzi wa kushangaza. Robo karne kabla ya transista kuzaliwa katika maabara za Bell mwaka 1947, tarishi mmoja alikuwa ameshaonyesha kuwa jiwe baridi linaweza kufanya kazi ya kioo cha moto.

Kristadini ilimpa jina. Hata hivyo jambo kubwa zaidi alilitazama kwa darubini mwaka 1923, na wengi waliokuwa karibu naye hawakuliona kuwa kubwa.

Alikuwa akipima fuwele za kaborandamu. Hiyo ni kabidi ya silikoni, mchanganyiko wa silikoni na kaboni, mgumu kiasi cha kutumiwa kusaga na kunolea vyuma. Mmarekani Edward Acheson alianza kuitengeneza kwa wingi katika tanuri za umeme miaka ya 1890, na mpaka leo fundi wa Arua anayetumia msasa au jiwe la kunolea huenda anaishika bila kujua. Losev alipogusa fuwele hiyo kwa ncha ya chuma na kupitisha umeme, aliona nukta ya mwanga mahali pa mguso. Hakuwa wa kwanza kabisa. Mwingereza Henry Joseph Round, aliyefanya kazi na Marconi, aliuona mwanga wa namna hiyo na kuutaja katika barua fupi mwaka 1907. Round aliandika, akaendelea na mambo mengine. Losev alibaki na nukta ile kwa karibu miaka 20.

Swali lake la kwanza lilikuwa la joto. Taa nyingi zilizozoeleka wakati huo ziling'aa kwa sababu zilikuwa za moto: mshumaa, kandili, balbu ya Edison. Je, nukta ile nayo ilikuwa cheche ndogo, chuma kikiungua mahali kilipogusa jiwe? Njia aliyotumia kulijibu ni ya kupendeza kwa wepesi wake. Alidondosha tone la benzini juu ya fuwele iliyokuwa iking'aa, akatazama litakavyokauka. Kama jiwe lingekuwa la moto, benzini ingetoweka mara moja. Ilikauka polepole, sawa na ilivyokauka kwenye fuwele isiyo na umeme. Mwanga ulikuwepo, moto haukuwepo. Aliona pia kuwa mwanga huo uliweza kuwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa mno, jambo lisilowezekana kwa waya unaohitaji muda wa kupata moto na kupoa.

Mwaka 1927 alichapisha matokeo yake kwa Kirusi katika jarida la telegrafu na simu zisizo na waya, na mwaka uliofuata yakatoka kwa Kiingereza katika Philosophical Magazine la London. Mwaka huohuo wa 1927 aliomba hataza ya kile alichokiita rilei ya mwanga, yaani kifaa cha kugeuza ishara za umeme kuwa ishara za nuru, ili kitumike katika simu, telegrafu na hata kupeleka picha. Hataza ikatolewa mwaka 1929. Anayesoma habari hizo leo, akijua kuwa sehemu kubwa ya simu na intaneti ya dunia husafiri kama nuru inayowaka na kuzimika ndani ya nyuzi za kioo, ni vigumu asisimame kidogo.

Losev hakuishia kuona, alitafuta sababu. Aliutenganisha mwanga wa aina mbili katika fuwele moja, kila mmoja ukitokea umeme unapoelekezwa upande wake. Alitambua kuwa nadharia ya Einstein, inayoeleza jinsi nuru inavyong'oa elektroni kutoka kwenye kitu, ingeweza kusomwa kinyumenyume: elektroni zikitoa nguvu zao ndani ya jiwe, nuru hutoka. Inasimuliwa kuwa alimwandikia Einstein kuomba msaada wa nadharia na hakupata jibu. Katika maandiko ya Kijerumani nuru ile iliitwa kwa jina lake. Katika nchi yake alibaki mtu asiye na shahada.

Leningrad

Mwaka 1928 maabara ya Nizhny Novgorod ilivunjwa na watu wake wakahamishiwa Leningrad, jina la wakati huo la St. Petersburg. Losev alifanya kazi katika Maabara Kuu ya Redio, na kwa mwaliko wa mwanafizikia Abram Ioffe akaendesha majaribio katika taasisi yake. Lakini fuwele zinazong'aa hazikuwa kipaumbele cha nchi iliyokuwa inajenga viwanda vya chuma, na valvu zilikuwa zimeshinda soko la redio. Mwaka 1937 alihamia kufundisha fizikia katika Taasisi ya Kwanza ya Tiba ya Leningrad. Kwa mgunduzi wa kiwango chake, ualimu wa fizikia kwa wanafunzi wa udaktari ulikuwa kama kuwekwa kando, ingawa palikuwa na chumba na vyombo, naye hakuhitaji vingi. Mwaka 1938 alipewa shahada ya juu bila kutakiwa kutetea tasnifu, kwa uzito wa kazi alizokwisha kuzifanya. Ioffe alikuwa miongoni mwa waliomtetea.

Tarehe 8 Septemba 1941 majeshi ya Ujerumani yalikamilisha kuuzingira mji. Losev hakuondoka. Aliacha kwa sehemu majaribio yake na kutengeneza vitu vilivyohitajika: mfumo wa kutoa tahadhari ya moto, kifaa cha kuamsha mapigo ya moyo, na chombo cha kubebeka cha kutafuta risasi na vipande vya chuma ndani ya majeraha. Alitoa pia damu yake kwa majeruhi. Kati ya mwisho wa Novemba na sikukuu za Desemba mgawo wa mkate kwa wakazi wengi ulishuka hadi gramu 125 kwa siku, na mkate wenyewe haukuwa wa unga mtupu. Oleg Losev alifariki tarehe 22 Januari 1942 katika hospitali ya taasisi aliyokuwa akifundisha. Mzingiro ulidumu siku 872, na yeye hakufika hata katikati.

Baada ya vita wengine waliikuta njia yake, baadhi wakijua kuwa ni yake na baadhi bila kujua. Mwaka 1951 Kurt Lehovec na wenzake huko Marekani walieleza sababu ya mwanga wa kaborandamu kwa fizikia mpya ya semikondakta, wakimtaja Losev. Mwaka 1962 Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric alitengeneza taa ya LED ya kwanza iliyotoa mwanga mwekundu wa kufaa kwa matumizi. Ndani ya miongo michache nukta nyekundu ikaingia kwenye redio, kikokotoo, saa na televisheni. Mwanga wa buluu ulichelewa. LED za kwanza za buluu kuuzwa madukani, mwishoni mwa miaka ya 1980, zilitengenezwa kwa kabidi ya silikoni, jiwe lilelile la Losev, na zilikuwa hafifu. Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata buluu yenye nguvu kwa kutumia nitridi ya gali, wakatunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014.

Joto na ukweli wa taa

Tone la benzini lilithibitisha kuwa LED haihitaji moto ili iwake. Halikusema kwamba LED inaupenda moto. Ndani ya fuwele, nuru hutoka pale elektroni inapokutana na nafasi tupu inayoisubiri. Joto likizidi, makutano mengi zaidi hupita njia za pembeni, na nguvu zile hugeuka kuwa joto badala ya mwanga. Taa hufifia, rangi yake husogea kidogo, na joto lililoongezeka huifanya ififie zaidi. Fundi akijaribu kuiokoa kwa kuiongezea umeme, huwa anaimalizia maisha. Katika mahali pa moto, desturi sahihi ni kuupunguza umeme kwa rezista kubwa zaidi na kuchagua tangu mwanzo taa yenye mwanga wa akiba.

Rangi nazo hazistahimili sawasawa, na hapa pana jambo linalostahili kutazamwa na kila anayetengeneza vyombo kwa ajili ya nchi za joto. LED nyekundu na za manjano za kisasa hupoteza mwanga mwingi zaidi kwa joto kuliko za buluu na kijani zilizotokana na nitridi ya gali. Nyekundu ndiyo dunia nzima iliyoipa kazi ya kutangaza hatari. Kwa hiyo chombo kinapozidi kupata moto, sauti inayofifia mapema ni ya mlinzi mwenyewe, ilhali ya kijani inaendelea kusema kuwa mambo ni salama. Kwa kidhibiti kilichotundikwa chini ya bati la Ayivu saa nane mchana, huku jua likipenya mlangoni na kuipunguzia taa nguvu ya kuonekana, hilo si jambo la vitabuni.

Ganda nalo lina maneno yake. LED nyingi za bei nafuu zimefunikwa kwa plastiki ngumu ya epoksi, ambayo kwa joto la muda mrefu hugeuka rangi kama jani la tumbaku na kuuzuia mwanga. Palipo na moto mkali wahandisi huchagua zilizofungwa kwa chuma na kioo. Nyakati nyingine huachana na LED kabisa. Balbu ndogo ya waya haijali sana joto la nje, kwani waya wake wenyewe una joto la zaidi ya nyuzi 2,000. Ubaya wake ni kula umeme na kukatika kwa mtikisiko. Taa ya neoni, ile ya rangi ya chungwa iliyomo kwenye pasi nyingi za umeme, ni kioo na gesi, nayo imestahimili kukaa jirani na chuma cha moto kwa vizazi, ila inadai volti nyingi kuliko betri ya sola inavyoweza kutoa moja kwa moja. Njia ya busara mara nyingi ni kuiondoa taa kwenye moto: kuiweka mahali pa baridi na kuleta nuru yake usoni mwa chombo kwa mrija angavu wa kioo au plastiki. Kwa kisanduku cha nyumbani, kukishusha kutoka darini hadi ukutani, upande usiopigwa na jua la mchana, hakuhitaji kununua chochote.

Na kabidi ya silikoni imerudi. Haikushinda kama taa, kwa kuwa maumbile yake yanaipa njia ndefu ya kugeuza umeme kuwa nuru. Imeshinda kama jiwe la kustahimili. Saketi za silikoni ya kawaida huanza kuchanganyikiwa joto likipita nyuzi 150 hadi 200 hivi, kwa sababu elektroni hujiachia zenyewe bila kuamriwa. Ndani ya kabidi ya silikoni zimefungwa kwa nguvu karibu mara tatu. Mwaka 2016 watafiti wa NASA huko Ohio waliweka saketi za kabidi ya silikoni, bila kinga, katika chumba kilichoigiza uso wa sayari ya Zuhura, kwa joto la nyuzi 460, na zikafanya kazi kwa siku 21. Jiwe hilo leo limo pia katika magari ya umeme na katika vifaa vya kubadili umeme wa sola.

Losev mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa ameanza kugeukia silikoni. Katika maelezo aliyoyaandika kuhusu maisha yake alitaja kwamba semikondakta zingeweza kutumiwa kuunda chombo chenye ncha tatu kinachofanya kazi kama valvu, maelezo ambayo msomaji wa leo huyatambua kuwa ya transista. Mwaka 1941, mji ukiwa tayari vitani, alikamilisha makala kuhusu majaribio ya silikoni na kuyatuma kwa jarida la fizikia. Makala hayo hayakuchapishwa, na mpaka sasa hayajapatikana.